Japani mwezi wa Agosti: joto mtalikuta, msilifuate

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Mume wangu na mimi tumeweka akiba kwa muda mrefu ili twende Japani, na kwa sababu ya ruhusa yake ya kazi nafasi yetu ni moja tu: likizo ya Agosti, kama tarehe 3 hadi 18. Tutakuwa na kijana wetu wa miaka 10. Kila tunayemwambia anatukataza. Wanasema Agosti Japani ni moto, tungoje maua ya Aprili. Sisi ni watu wa pwani, joto tumezaliwa nalo. Je, twende? Na tukienda, siku zetu tuzipange vipi ili tufurahi, sio tuvumilie tu? Chakula cha halali pia kinatutia wasiwasi, na mimi huvaa buibui.

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu.

Nendeni. Waliowakataza hawakusema uongo kuhusu joto, ila wanaipima Agosti kwa mizani ya Aprili, na Agosti ina mambo yake ambayo anayefuata maua hayaoni kamwe. Lakini kabla hatujafika huko, hilo la "sisi watu wa pwani" naomba mliache nyumbani.

Agosti Mombasa ni kusi. Mtatoka kwenye upepo na nyuzi 27 au 28, na miili yenu itakuwa imeshaisahau Machi. Tena hata Machi yetu ni mara chache kupita nyuzi 33. Tokyo na Kyoto, siku za nyuzi 35 na kuendelea zimekuwa jambo la kawaida kila mwaka, na tarehe 5 Agosti 2025 mji wa Isesaki, kaskazini-magharibi ya Tokyo, ulifika nyuzi 41.8, ambayo ni rekodi ya nchi nzima. Unyevu wa hewa ni kama wa kwetu, lakini upepo wa bahari wa kukupoza jioni ndio haupo. Lami na kuta za zege hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Juu ya hayo mtatembea kwa miguu. Hapa mtu akichoka anasimamisha tuktuk. Kule teksi ni ghali, kwa hiyo ni treni, ngazi, njia za chini ya ardhi, na kilomita 10 au zaidi kwa siku bila kujijua. Wageni ninaowaona wakiishiwa nguvu huwa wameangushwa na miguu kuliko kipimajoto.

Sasa sikiliza siri ambayo si siri. Wajapani wenyewe hawashindani na mchana wa Agosti. Wanaukwepa. Majira yao ya joto yanaishi kwenye ncha mbili za siku, alfajiri na usiku, na karibu kila kitu kizuri cha msimu huo kimewekwa huko: sherehe za mtaa, fataki, ngoma, vibanda vya vyakula, matembezi ya kando ya mto. Ratiba mtakazokuta mtandaoni zimeandikwa kwa ajili ya Aprili au Novemba: ingia hekaluni saa tatu asubuhi, zunguka, kula, zunguka tena mpaka saa kumi na moja jioni. Ukiifuata Agosti umejihukumu mwenyewe. Nyinyi igeuzeni siku. Tokeni mapema sana, rudini ndani kwenye saa nne, mlale au mkae penye kiyoyozi mpaka saa kumi, kisha tokeni tena hadi usiku. Mwezi huo jua la Tokyo huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama kabla ya saa moja jioni, kwa hiyo asubuhi yenu ni ndefu kuliko mnavyofikiria.

Hapa nina kijambo ambacho hunifurahisha kila mara. Japani iko mbele ya Kenya kwa saa sita kamili. Kwa hiyo msiigeuze saa ya mkononi. Mshale ukiwa kwenye 3, kule ni saa tatu asubuhi, au saa tatu usiku. Ukiwa kwenye 7, ni saa saba. Mtu wa Kiswahili hushuka uwanja wa ndege wa Narita na saa ya nyumbani ikamsomea majira ya pale bila kuigusa.

Saa sita hizo zina upande wa pili, nao ndio unaonifanya nipange safari yenu kama nitakavyoipanga. Siku tatu au nne za mwanzo mtakuwa macho usiku wa manane na wazito asubuhi, maana saa kumi na moja alfajiri ya Tokyo ni saa tano usiku ya Mombasa. Basi msianze na mahekalu ya alfajiri. Anzeni na sherehe za usiku, na za usiku zilizo bora zaidi wiki hiyo ziko kaskazini, ambako pia joto limepungua kidogo.

Tueni Tokyo tarehe 4, laleni, na kesho yake pandeni treni ya kasi ya Hayabusa hadi Shin-Aomori. Ni mwendo wa saa tatu hivi na karibu yeni 18,000 kwa mtu mzima, mtoto wenu nusu yake. Mnakwenda Nebuta, sherehe ya mji wa Aomori inayofanyika kila mwaka Agosti 2 hadi 7. Kama mtaona jambo moja tu Japani, napendelea liwe hili kuliko hekalu lolote la dhahabu.

Nebuta ni sanamu kubwa za karatasi zenye taa ndani: mashujaa wenye panga, majoka, mashetani wa hadithi za kale. Kubwa zaidi hufika mita 9 kwa upana na mita 5 kwenda juu pamoja na mkokoteni wake. Fundi hukunja waya kufanya mifupa, akabandika karatasi juu yake kipande kwa kipande, akachora mistari kwa wino mweusi, akapitisha nta ya moto mahali anapotaka mwanga upenye zaidi, ndipo akatia rangi. Barabarani husukumwa na watu kwa mikono, wakifuata filimbi ya kiongozi anayetembea kinyumenyume mbele yao. Simameni ukingoni kabisa, mahali sanamu zinapogeuzwa. Kiongozi hupiga filimbi, sanamu inainama mpaka uso wa shujaa uko karibu na vichwa vya watoto, na kwa nukta hiyo unaona kila nywele ya nyusi ilivyochorwa, na weupe wa jicho unaong'aa pale nta ilipopita. Nyuma yake ngoma kubwa, filimbi za mianzi na matoazi, na kundi la warukaji wanaoruka kwa mguu mmoja mmoja huku wakiitikia "Rassera! Rassera!" Warukaji huvaa njuga ndogo, na zikidondoka, anayeokota amepata bahati. Kijana wenu atatembea ameinama usiku mzima.

Tena si lazima mbaki watazamaji. Mtu yeyote aliyevaa vazi kamili la mrukaji anaruhusiwa kuingia na kuruka, na maduka ya pale mjini hukodisha mavazi hayo. Tarehe 7, siku ya mwisho, maandamano hufanywa mchana, na usiku sanamu kadhaa hupakiwa kwenye vyombo na kupitishwa baharini huku fataki zikirushwa juu ya ghuba. Kwa mtu aliyekulia kandokando ya maji, kuona jitu la moto la karatasi linaelea gizani ni jambo la kusimulia.

Tatizo la Aomori ni vyumba. Wiki hiyo hoteli hujaa miezi kabla, na zilizobaki hupandisha bei bila haya. Laleni Hachinohe, ambako treni ya kasi hufika kwa nusu saa hivi, au Hirosaki, ambako ni kama dakika 40 kwa treni ya kawaida. Hirosaki ina sherehe yake Agosti 1 hadi 7, yenye sanamu za umbo la kipepeo cha kujipepea, tulivu zaidi, na mimi nisingemlaumu mtu atakayeipenda kuliko ile kubwa. Angalieni tu saa ya treni ya mwisho.

Mkishuka kusini tarehe 8 mnaweza kukatiza Sendai, ambako Tanabata ni Agosti 6 hadi 8. Ni mapambo ya karatasi yanayoning'inia kwenye mitaa yenye paa, marefu hadi kukugusa uso. Saa mbili au tatu zinatosha, na kwa kuwa mitaa imefunikwa ni jambo mnaloweza kufanya hata mchana.

Kutoka hapo, kabla ya Tokyo, wapeni miili yenu siku mbili za mlimani. Nikko ni karibu, na nisemapo Nikko simaanishi mahekalu ya bondeni peke yake, ambayo ni mazuri lakini yana joto lake. Pandeni basi la kona nyingi hadi ziwa Chuzenji, mita 1,269 juu ya usawa wa bahari. Mabalozi wa nchi za nje walijenga nyumba zao za mapumziko pale tangu zamani kwa sababu hiyohiyo inayowapeleka nyinyi, na ile ya Waitalia na ya Waingereza sasa ziko wazi kwa umma. Maporomoko ya Kegon yanaanguka mita 97 hatua chache kutoka ziwani. Na Nikko ni mojawapo ya sehemu inakotoka barafu ya asili: maji ya chemchemi huachwa yagande kwenye madimbwi majira ya baridi, yakakatwa mapande na kuhifadhiwa hadi kiangazi. Pande hilo huparuzwa kwa kisu cha mashine likawa nyuzi nyepesi kama sufi, likamwagiwa sharubati ya stroberi au chai ya kijani. Haikwangui meno, na ile kengele ya maumivu kwenye paji la uso mara nyingi haiji. Inaitwa kakigori, na foleni yake inastahili.

Tokyo mtaingia tarehe 10, na hapa kuna jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wameshakwama stesheni. Katikati ya Agosti ni Obon, siku ambazo Wajapani huamini roho za wazee wao hurudi nyumbani, na walio hai nao hurudi makwao kuzipokea. Kwa kawaida ni Agosti 13 hadi 16, na kwa kuwa Agosti 11 ni sikukuu ya taifa, msukumo huanza mapema. Fikirieni Nairobi wiki ya Krismasi, kila mtu anatafuta basi la kwenda kwao. Treni za kasi hujaa, barabara kuu husimama, na treni za Nozomi kati ya Tokyo, Kyoto na Osaka huwa za viti vilivyowekwa nafasi peke yake, hakuna behewa la kubahatisha. Lakini watu hao wote wanatoka Tokyo. Wanaobaki wanapata mji mkubwa uliopungua, mabehewa ya asubuhi yenye nafasi, na makumbusho yasiyo na msongamano. Baadhi ya maduka madogo ya familia hufungwa, na hiyo ndiyo hasara pekee ninayoijua. Kwa hiyo Obon ikianza kaeni Tokyo, na kwenda Kyoto hameni siku ya katikati, tarehe 14, baada ya wimbi la kutoka na kabla ya wimbi la kurudi.

Tokyo kwa wakati huo miili yenu itakuwa imezoea, na alfajiri zitaanza kuwa zenu. Uwanja wa hekalu la Senso-ji kule Asakusa haufungwi, na ukumbi wake mkuu hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mkiingia saa hiyo mtakuta wazee wa mtaani wanapita kuomba kabla ya kazi, na taa kubwa nyekundu ya langoni bila fimbo za kujipigia picha mbele yake. Mchana pitieni makumbusho ya taifa pale Ueno, au ghorofa za chini za maduka makubwa, ambako vyakula hupangwa kama vito na mna ruhusa ya kutazama bila kununua. Katika bustani ya Ueno mwacheni kijana achunguze magome ya miti kwa karibu: nyenje wanaopiga kelele juu walitoka ardhini usiku, wakavua magamba yao, na magamba hayo ya rangi ya asali yameng'ang'ania gome kwa kucha zote sita. Watoto wa Kijapani huyakusanya kwa mikebe. Likizo yao ya shule ni wakati huohuo, kwa hiyo hatakosa wenzake.

Usiku ulizeni hotelini wapi kuna bon odori karibu. Ni ngoma ya mtaa. Katikati ya kiwanja husimamishwa jukwaa la mbao lenye mpiga ngoma juu yake, na watu wanalizunguka kwa duara, bibi kwa mjukuu, wakirudia hatua zilezile. Mojawapo ya ngoma zinazochezwa kila mahali ilitoka kwa wachimba makaa ya mawe wa Kyushu, na ukiitazama mikono unaiona kazi yenyewe: chimba, chimba, tupa begani, tazama nyuma, sukuma toroli. Mgeni huingia nyuma ya bibi anayejua na kumwigiza. Asili yake ni kuwaenzi marehemu, ingawa leo kwa wengi ni burudani ya jirani na jirani. Kuingia au kutazama ni hiari yenu, na anayetazama tu hamuudhi mtu.

Mtaona vijana kwa wazee wamevaa yukata, ile kanzu nyepesi ya pamba. Kuikodisha kwa siku ni yeni elfu chache, na mkivaa kumbukeni upande wa kushoto ndio huja juu ya wa kulia. Kinyume chake huvishwa maiti, na mzee yeyote atakayewaona atakuja mbio kuwafungua. Kwa hakika kati yetu na pamba ya Kijapani kuna historia: leso nyingi walizofunga mama na bibi zetu zilichapwa kule. Bebeni moja. Inakinga shingo, inakaliwa kwenye nyasi wakati wa fataki, na ndani ya treni, ambako kiyoyozi hakina huruma, inakuwa shuka.

Kyoto iko kwenye bakuli la milima, hewa haitoki, na mchana wa pale ni mkali kuliko wa Tokyo. Ndipo ile siku iliyogeuzwa inapolipa. Fushimi Inari, ile njia ya malango mekundu maelfu, haina mlango wala kiingilio na iko wazi usiku na mchana. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mtapanda mkiwa karibu peke yenu. Ikifika saa tatu hamtaona lango kwa vichwa vya watu. Hekalu la Kiyomizu hufungua saa kumi na mbili. Mchana mpelekeni kijana kwenye makumbusho ya reli, ambako kuna magari-moshi ya kweli na kiyoyozi cha kweli. Jioni kaeni tu ukingoni mwa mto Kamo kama wenyeji. Mikahawa iliyojenga majukwaa juu ya maji inapendeza, lakini bei zake zinauma na upepo wa ukingoni ni wa bure.

Halafu tarehe 16, saa mbili usiku, mioto mikubwa huwashwa kwenye milima mitano inayouzunguka mji, mmoja baada ya mwingine, kuzisindikiza roho zinaporudi zilikotoka. Wa kwanza una umbo la herufi 大. Kutoka ukingo wa Kamo, upande wa kaskazini, huu wa kwanza unaonekana vizuri. Kila moto huwaka kama nusu saa. Nawaomba jambo moja: hii si fataki. Watu wanaagana na wafu wao. Hakuna kushangilia, wala kupiga makofi.

Baada ya hapo ondokeeni uwanja wa ndege wa Kansai, karibu na Osaka. Tiketi ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka kwa kupitia Dubai au Doha mara nyingi haizidi sana ile ya kwenda na kurudi mji mmoja, na inawaokoa nauli na siku nzima ya kurudi mlikotoka.

Watu watawaambia pandeni mlima Fuji. Msimu wake ni kweli, unaanza Julai na kwisha Septemba 10, na tangu 2025 kila njia hutozwa yeni 4,000 kwa mtu. Lakini wiki ya Obon njia hujaa, wengi hupanda usiku kucha ili wawahi jua kileleni kwenye mita 3,776, na kule juu ni baridi kali hata Agosti. Kwa familia isiyojizoeza, yenye siku zilizohesabiwa, mimi nasema hapana. Hata kuutazama kwa mbali msiutegemee. Kiangazi hauna theluji, ni mlima wa kahawia, na siku nyingi umejifunika mawingu kufikia katikati ya asubuhi. Fukwe pia ziacheni. Mtu wa Nyali akivuka bahari mbili kwenda kuona mchanga atachekwa.

Kuhusu afya nitakuwa mkali kidogo. Kunyweni kabla ya kiu. Mashine za vinywaji ziko kila kona, chupa ni kati ya yeni 100 na 200, na maji ya bomba ni salama. Maji matupu hayatoshi mkitoka jasho siku nzima: changanyeni na vinywaji vyenye chumvi kama Pocari Sweat, au peremende za chumvi zinazouzwa madukani msimu huo. Kinywaji chao cha kiangazi ni mugicha, chai baridi ya shayiri iliyokaangwa, haina kafeini wala sukari, na kijana akiizoea mmeokoa fedha. Yeye ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa ni mfupi na joto la lami linampata kwanza. Akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, safari ya siku hiyo imeisha: kivulini, nguo zilegezwe, barafu shingoni na kwapani. Asipoweza kunywa mwenyewe au akianza kusema ovyo, pigeni 119. Gari la wagonjwa halitozwi, hospitali ndiyo hutoza, na ndiyo maana bima ya safari si anasa. Serikali hutoa tahadhari ya joto kwa mikoa ambako joto linatarajiwa kuwa la hatari, na manispaa nyingi zimetenga maktaba na majengo ya umma kuwa mahali pa kupoa. Yeyote anaruhusiwa kuingia.

Buibui lisikutie shaka. Mwanamke wa Kijapani mwezi wa Agosti hujifunika kuliko mnavyodhani: mikono mirefu, glavu hadi viwiko, kofia pana, mwavuli. Hutaonekana kituko kwa kujisitiri. Ila chagua rangi nyepesi na kitambaa kinachopitisha hewa, jeusi zito la nailoni liache. Mwavuli wa jua nunueni mkifika. Ile ya plastiki angavu inayouzwa kila duka ni ya mvua tu, jua linapita.

Chakula sasa. Hatari si nyama mnayoiona, ni mchuzi msiouona. Supu nyingi za rameni, zile tambi za mchuzi, hupikwa kwa mifupa ya nguruwe, na pombe ya kupikia huingia kwenye sosi ambazo kwa macho ni soya tupu. Jifunzeni herufi mbili kwa sura: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Samaki wa kuchoma kwa chumvi, wali, mayai, tofu, edamame (soya changa za kuchemsha) na matunda vitawabeba mbali. Kwenye maduka ya saa 24 matonge ya wali yenye samoni au plamu chachu hufaa kwa asubuhi zenu za mapema, mkishasoma kibandiko. Mikahawa ya halali ipo ya kutosha Tokyo, hasa Asakusa na Shinjuku, na ipo Kyoto na Osaka. Aomori ndiko mtahangaika, kwa hiyo bebeni akiba kutoka Tokyo. Ijumaa ikiwakuta Tokyo nendeni Tokyo Camii, mtaa wa Yoyogi-Uehara, msikiti wa mtindo wa Kituruki uliofunguliwa 2000 wenye duka la vyakula vya halali palepale. Mkiwa Kansai, yaani upande wa Kyoto na Osaka, msikiti wa Kobe wa 1935 ndio wa kwanza Japani, na ulibaki umesimama baada ya mabomu ya vita na tetemeko la 1995. Alfajiri ya Agosti huingia kabla ya saa kumi. Mkishaswali msirudi kulala, ndio muda wenu wa kutoka.

Mizigo msiivute kwenye ngazi za stesheni na joto hilo. Hoteli zitalituma sanduku hadi hoteli inayofuata, kwa kawaida linafika kesho yake, kwa yeni elfu mbili au tatu hivi. Tufani huja Agosti na Septemba, na kampuni za reli husimamisha treni kwa kutangaza kabla, mara nyingi siku moja mbele. Mkilisikia tangazo, badilisheni mpango siku hiyohiyo, msingoje kuhakikisha. Pasi ya reli ya nchi nzima ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000 kwa siku 7. Msiinunue kwa mazoea. Pigeni hesabu kwanza na pasi za eneo la mashariki kwa ile safari ya kaskazini.

Viza ombeni mapema ubalozini Nairobi, na barua za hoteli ziendane na ratiba. Angalieni dawa za mafua mnazobeba: zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 ni marufuku kuingia nazo, hata kwa cheti cha daktari. Umeme wao ni volti 100 na plagi ya meno mawili bapa, kwa hiyo adapta ni lazima. Chaja za simu zitafanya kazi, pasi ya nguo ya nyumbani haitapata moto. Na tiketi za treni za kasi kwa kawaida hufunguliwa mwezi mmoja kabla, saa nne asubuhi ya Japani, yaani saa kumi alfajiri ya Mombasa. Ya Agosti 14 inafunguliwa Julai 14, basi wekeni kengele.